Breki inavuja: nibadilishe raba za ndani tu au silinda nzima?

Dereva_Mpole
Wakuu naombeni msaada. Kikopo cha mafuta ya breki nilikijaza hadi MAX wiki tatu zilizopita, leo kipo chini ya MIN na taa nyekundu inawaka nikikata kona. Pedali inazama, nikiipampu mara mbili tatu ndo inapanda. Chini ya gari pakavu kabisa, hata tone hakuna. Fundi wa kwanza kasema masta silinda (pampu kuu inayosukumwa na pedali) imekufa ninunue mpya, wa pili kasema masta niiache ila tubadilishe raba zake tu. Kipi bora hapo?

spana_namba10
Usinunue kitu bado mkuu. Hao wote wamekutajia dawa na hakuna aliyekuonyesha ugonjwa.

Chini kuwa pakavu sio kwamba haivuji. Kuna sehemu mbili zinavuja kimyakimya: silinda ndogo zilizo ndani ya dramu za nyuma, mafuta yanaishia kwenye shuu (vile vipande vinavyosugua dramu kwa ndani) na vumbi humo humo, na sili ya nyuma ya masta ambapo mafuta yanaingia ndani ya busta (ile inayoongezea nguvu ya mguu), nje huoni kitu. Fungua tairi zote nne, angalia kalipa (zinazobana pedi), mipira na maungio ya paipu, halafu vua dramu. Kwa masta, legeza nati zake mbili uivute mbele kidogo, nyuma yake pakiwa na mafuta basi fundi wa kwanza alikuwa sahihi.

Na kuna masta inayovujia ndani kwa ndani, ukiikandamiza pedali bila kuachia inashuka taratibu mpaka chini, lakini hiyo mafuta hayapungui kwenye kikopo. Yako yanapungua, kwa hiyo yanatoka nje mahali fulani.

Binti_wa_Gereji
Pedi zikiisha pia mafuta hushuka maana pistoni zinasogea nje, ila hiyo ni polepole mno, sio MAX hadi MIN ndani ya wiki tatu.

Kaka nakusihi hiyo gari isitoke mpaka ijulikane. Ni kweli breki zina njia mbili ili moja ikifa nyingine ibaki, lakini ikibaki moja pedali inaenda chini sana na gari inachukua umbali mrefu zaidi kusimama, na ukikanyaga kwa nguvu presha kwenye paipu inaweza kuvuka baa 100 wakati tairi lako lina kama baa 2 na kidogo, sehemu iliyochoka haionyi kabla ya kupasuka.

Dereva_Mpole
Nimeiona!! Nyuma kushoto. Nje ya dramu hakuna kitu, nimevua nikakuta vumbi la shuu limegeuka tope jeusi upande wa chini, nikafunua kile kimpira cha silinda kwa bisibisi ndogo mafuta yakachuruzika mpaka kwenye kidole. Masta nyuma yake pakavu. Kumbe ningenunua masta mpya na tatizo lingebaki pale pale. Sasa swali linarudi, raba tu au silinda nzima?

Mzee_wa_Dramu
Mimi nimebadilisha raba miaka mingi na zinadumu. Faida yake kubwa watu hawaisemi: silinda inabaki pale pale ilipofungwa, huigusi nati ya paipu. Hizo nati zikiota kutu zinazunguka na paipu yake, inajinyonga inakatika, hapo kazi ya silinda imegeuka kazi ya paipu. Vua pistoni, safisha kwa spiriti, weka raba mpya ukizipaka mafuta ya breki yenyewe. Usipake grisi ya kawaida wala usioshe kwa petroli, zile raba zinavimba.

spana_namba10
Nakubaliana na mzee ila kwa sharti moja. Ukishatoa pistoni, pitisha ukucha ndani ya silinda taratibu. Ukiteleza bila kukwama weka raba. Ukucha ukinasa hata kidogo ni shimo la kutu, raba mpya italiwa hapo hapo na utarudi kuvua dramu tena. Watu wanapiga msasa mpaka shimo lipotee, unakuwa umeipanua silinda na raba haikazi tena. Na kama ile skrubu ya kutolea upepo (nipo) imekatika au imeganda, chukua nzima tu.

Nati ya paipu usifungue kwa spana ya wazi, tumia ile ya ringi yenye mwanya, na uilowekee mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake.

Binti_wa_Gereji
Shuu zilizolowa usizioshe wala kuzichoma moto, yale mafuta yameshaingia ndani ya lainingi, ile sehemu ya shuu inayosugua. Weka mpya pande zote mbili, la sivyo gari itavuta upande. Aina ya mafuta, yaani namba ya DOT, soma kwenye kifuniko cha kikopo. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, DOT 4 kuanzia 230, hizo hata zikikutana hakuna shida. DOT 5 ni ya silikoni, hiyo usichanganye kabisa.

Na wakati wa kutoa upepo pedali isizamishwe mpaka chini kwenye masta ya zamani. Kule chini raba hazijawahi kufika, kuna uchafu na kutu, zinachanika. Weka kipande cha mbao chini ya pedali.

Dereva_Mpole
Mrejesho wakuu. Ukucha umenasa sehemu mbili, kushoto. Kulia haijavuja ila kimpira kilikuwa na unyevu, nimeweka silinda mpya zote mbili na shuu. Nati ya kushoto ilinitesa karibu saa nzima lakini paipu imepona. Pedali sasa iko juu na ngumu, nimepiga mstari wa peni kwenye kikopo usawa wa mafuta, siku ya tano leo bado yako kwenye mstari.