Naomba ushauri: uvimbe wa ovari na ukuta wa kizazi ulionenepa

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada wa wenye uzoefu na magonjwa ya kina mama hapa Dar.

Mgonjwa ana miaka 58, hedhi ilikoma akiwa na 50. Sasa anatokwa damu ukeni na matiti yanajaa. Utrasaundi imeonyesha uvimbe wa sentimita 8 kwenye ovari ya kushoto, nyama iliyochanganyika na vifuko vya maji, na ukuta wa ndani wa kizazi una milimita 15. Kwa anayetokwa damu baada ya hedhi kukoma, ukizidi milimita 4 lazima uchunguzwe. CA-125 (kipimo cha damu cha alama ya saratani ya ovari) iko kawaida, lakini hilo halinitulizi: estradioli (aina ya homoni ya estrojeni) iko juu, na uvimbe wa seli za granulosa (seli za ovari zinazotengeneza estrojeni) mara nyingi haupandishi CA-125. Estrojeni isiyo na homoni ya projesteroni ya kuizuia hunenepesha ukuta wa kizazi, na saratani inaweza kuanzia hapo.

Kinyama cha ukuta wa kizazi kilichukuliwa kwa mrija mwembamba, majibu yakaja “sampuli haitoshi”. Hiyo si sawa na kusema hana saratani, jamani.

Je, kizazi kichunguzwe kwanza kwa kamera na sampuli irudiwe kabla ya upasuaji? Saratani ikiwepo, mpango wa upasuaji unabadilika, tena ovari inatakiwa itoke nzima bila kupasuka.

Pia, inhibini B (homoni inayotolewa na seli za granulosa) inapimwa maabara ipi hapa Dar? Ni vizuri ichukuliwe kabla ya upasuaji iwe ya kulinganishia, maana uvimbe huu huweza kurudi hata baada ya miaka mingi.