Tupeane uzoefu: mliowahi kusambaza soda, mlikutana na nini?

Mleta mada: Nimesoma kwamba 1899 Asa Candler, mmiliki wa Coca-Cola, aliwapa wanasheria wawili wa Chattanooga, Thomas na Whitehead, haki ya kuijaza Coca-Cola kwenye chupa karibu Marekani nzima kwa dola 1. Moja tu! Yeye akabaki kuuza sirapu, mitambo, chupa na usafiri wahangaike wengine. Nikakumbuka enzi zangu za uwakala, mambo ni yale yale. Mliopitia karibuni.

Utingo Mstaafu: Mgongo umeniuma kusoma tu kichwa cha habari.

MamaDepo: Ngoja nitoe dukuduku. Nilikuwa wakala, kampuni siitaji. Stoo imejaa kreti za chupa tupu na mnajua chupa tupu ndo mtaji wenyewe, umeziwekea dhamana, sasa siku hiyo mtu wa mauzo anakuja anacheka eti tunaleta chupa mpya, za zamani mwisho Ijumaa. Nikakodi lori, alfajiri nipo getini, foleni haina mwisho, jua linawaka, kufika zamu yangu karani anakagua moja moja, hii ina ufa mdomoni, hii si yetu, hii iliwekwa mafuta ya taa, karibu nusu ya mzigo kakataa. Nabishana naye mara kreti za gari la mbele zikaporomoka, vipande kila mahali, utingo wao kakatwa mguu damu chapachapa, tukampakia kwenye lori langu juu ya chupa zangu mbio hospitali. Kurudi geti limefungwa!!

Kaka Jumla: Mafuta ya taa 😂😂 hiyo kweli kabisa.

Msomi wa Kijiwe: Wenzetu wa Coca-Cola walibebewa na jeshi. Vita vya pili vya dunia Woodruff, bosi wao, aliagiza kila mwanajeshi wa Marekani apate chupa kwa senti 5 popote alipo, 1943 Jenerali Eisenhower akatuma simu ya maandishi kutoka Afrika Kaskazini anataka chupa milioni 3 na mitambo ya viwanda 10 vya kujazia. Vita imeisha, viwanda vimebaki huko huko vinauza.

Bluu Damu: Pepsi ndo wababe, walilipwa nyambizi na Wasovieti, wakawa na jeshi la maji!

Msomi wa Kijiwe: Jeshi gani, yale yalikuwa machuma chakavu waliyopewa 1989, yakauzwa yakatwekatwe. Dili lenyewe la 1972 lilikuwa sirapu kwa vodka, maana rubo, fedha ya Wasovieti, haikuwa inabadilishika nje.

Bluu Damu: Nyambizi ni nyambizi bana.

Utingo Mstaafu: Acheni vodka, yule utingo alipona?

MamaDepo: Alipona, na ndo aliyeniunganisha na mnunuzi wa chupa za kuyeyusha.

Kaka Jumla: Ushauri kwa wanaoanza: kubali friji ya kampuni, inavuta wateja.

Bi Mkubwa: Usikubali! Ukiweka soda ya mpinzani humo siku wakipita wanaibeba na wewe unabaki na ndoo ya barafu.

Kaka Jumla: Si uifiche nyuma ya maji.

Bi Mkubwa: Kwani wao hawaoni?