Wazee wetu wametoa maarifa, mashirika yamechukua, miche imekufa. Ubia gani huu?

Assalamu alaikum wanajukwaa. Naandika nikiwa na hasira, na sina haja ya kuificha. Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama na vijana wanaopanda mikoko kisiwani Pate, Lamu. Miaka mitatu iliyopita tulitia saini makubaliano na mashirika mawili yasiyo ya kiserikali, na kifungu cha kwanza kilisema kuwa washirika wote watabadilishana maarifa.

Shirika la kwanza lilikaa na wazee wetu siku nne, nao wakaeleza kila kitu kwa moyo safi: kwamba kati ya aina za mikoko, mlilana ndio unaotangulia kuikabili bahari, mkoko wenyewe unataka tope laini la kandokando ya mikono ya bahari, na mkandaa hukaa nyuma, kule ambako maji hayafiki kila siku. Mzee mmoja, aliyekata boriti za mikoko tangu kabla ya marufuku ya kuziuza nje mwaka 1982, alichukua kijiti akachora ufuo wetu wote mchangani, akionyesha mahali panapopigwa na mawimbi ya kusi, ule upepo mkali wa kusini, na mahali palipo na kinga. Yote yakaandikwa, yakarekodiwa, yakapigwa picha. Wazee wakapewa soda na nauli. Ripoti ilitoka kwa Kiingereza, tukaiona mara moja tu ikionyeshwa ukutani katika hoteli moja Malindi, na tangu siku hiyo kila tunapoomba nakala tunaambiwa ni mali ya mfadhili.

Mwaka uliofuata shirika la pili, ambalo nembo yake iko kwenye kibao kimoja na lile la kwanza, lilileta miche ya aina moja tu, ule mkoko wa tope laini, na kutuagiza tuipande kwenye mchanga, mbele kabisa, uso kwa uso na bahari. Tulikataa. Tukajibiwa kwamba mpango umekwisha kuidhinishwa. Kusi ilipoingia nilishuka ufuoni maji yakiwa yamekupwa, nikakuta miche imelala ubavu, mizizi nje, na ile michache iliyosimama imegandwa na chaza mashina mazima. Mama mmoja wa kikundi, aliyeibeba miche hiyo kichwani huku mtoto yuko mgongoni, alikuwa akiing'oa mmoja mmoja bila kusema neno. Jibu la kosa hilo lilikuwa ndani ya ripoti ya mshirika wao, ambayo hawakuwahi kuisoma!

Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na waliokaa nayo vizazi kwa vizazi ni sisi. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, inayotaka jamii iridhie kabla maarifa yake hayajatumiwa. Je, kuna kikundi chochote hapa, Faza, Matondoni au Kipungani, kilichowahi kuulizwa?

Sasa limekuja shirika la tatu na maswali yale yale, nalo linataka saini yangu mwezi ujao. Nimewaandikia kwamba sitasaini mpaka ripoti ya kwanza iletwe kijijini kwa Kiswahili, isomwe mbele ya wazee walioyatoa maarifa hayo, na mchoro wa ufuo ubaki kwetu. Walio na makubaliano yenye kifungu cha namna hiyo, tafadhali wekeni maneno yake hapa tuyanakili.