Sinki la jikoni linajaa, bafuni maji yanapanda: naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Nikimwaga maji mengi kwenye sinki la jikoni, yanachelewa kushuka, halafu tundu la sakafuni bafuni linaanza kugugumia na kutoa maji machafu. Kwenye kona ya bomba chini ya sinki nilikuta mafuta yaliyoganda, nikasafisha, ila hali haijabadilika. Bafuni nako nimetoa nywele zilizoshikana na sabuni. Choo bado kinavuta vizuri.

Kwa akili yangu, kwa kuwa sehemu hizi mbili zinaathiriana, tatizo liko mbele, pale mabomba yanapokutana kabla ya chemba (shimo lenye mfuniko la kukagulia maji taka). Kuna mti karibu na njia ya maji taka, nahofia mizizi imepenya kwenye maungio. Jirani anasema ni bomba la hewa, lile linaloingiza hewa kwenye mabomba ya maji taka, limeziba (huyu kila kitu kwake ni hewa).

Mafundi na wenye uzoefu, nianzie wapi: kufungua chemba, au kupitisha waya wa kuzibulia? Nimeshauriwa kumwaga magadi makali (caustic soda) ya kuzibulia, lakini naogopa yasije yakamrukia fundi atakayefungua baadaye. Na mizizi mnaitambuaje bila kuchimba?