Jumamosi moja Dar na watoto watatu na bibi yao: makumbusho, kisiwani, Coco au Kigamboni?

MamaTatu (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naomba tulinganishe sehemu za kuwapeleka watoto Jumamosi hapa Dar. Tuko sita: watu wazima wawili, bibi yao mwenye magoti yanayomsumbua, na watoto wa miaka 11, 7 na 3. Tunatokea Tabata, gari hatuna. Bajeti ni laki moja na nusu, nauli na chakula humo humo. Nafikiria Makumbusho ya Taifa pale Posta, Kijiji cha Makumbusho, visiwa vya Bongoyo au Mbudya, au ufukweni, yaani Coco au Kigamboni. Kuna anayenishawishi treni ya umeme ya SGR hadi Morogoro na kurudi jioni. Nahitaji mambo yanayoshikika: tutoke saa ngapi, nini huwa kinaharibika, bibi atakaa wapi, mdogo atalala wapi.

Mwalimu wa Zamu

Kwa umri huo na bibi, mimi naiweka Makumbusho ya Taifa ya kwanza, asubuhi, na msikae kutwa. Hufunguliwa saa tatu na nusu. Mkitoka nyumbani saa mbili na nusu inatosha. Mkiwahi zaidi mtasimama nje na watoto wataanza kuomba juisi kabla ya safari kuanza.

Anzeni na chumba cha chimbuko la binadamu wakati vichwa bado vyepesi. Hapo ndipo penye habari ya Zinjanthropus, fuvu alilolipata Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa miaka kama milioni 1.75, na nyayo za Laetoli za miaka kama milioni 3.6. Huyo wa miaka 11 mpe kazi: akadirie nyayo za Laetoli zimelitangulia fuvu hilo kwa miaka mingapi. Akipata jibu, namba hizo hatazisahau. Wa miaka 7 atavutiwa zaidi na magari ya viongozi, kwa hiyo magari yaacheni ya mwisho yawe zawadi. Ukianza na magari, fuvu halitazamwi tena.

Kinachoharibika pale ni watu wazima kutaka kusoma kila kibao. Mtoto wa miaka mitatu ana saa moja, moja na nusu mkibahatika. Akichoka tokeni mwende Bustani ya Mimea, ni jirani kabisa, bustani iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Kuna miti mikubwa yenye kivuli kizito, kuna tausi, na kuna mahali pa bibi kuketi. Mkeka mmoja na mdogo analala hapo hapo.

Kuhusu malipo: raia na mgeni hawalipi sawa, kwa hiyo bebeni vitambulisho. Na taasisi za serikali siku hizi hutoa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Weka salio la kutosha pamoja na makato, na simu iwe na chaji. Watu hukwama getini wakiwa na noti mkononi.

Mkaa Feri

Ya makumbusho namwachia Mwalimu. Kuhusu bahari, hakuna anayeweza kukujibu Coco au Bongoyo kabla hujamwambia mwezi ni wa ngapi siku hiyo. Watu wengi hulaumu ufukwe wakati kosa ni saa waliyofika.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kati ya kujaa na kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini kuliko jana. Hapa Dar, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hupwa asubuhi kwenye saa nne na kujaa alasiri kwenye saa kumi. Tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa hupita mita tatu. Baada ya kama siku saba, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu na saa zinageuka: maji hujaa asubuhi kwenye saa nne na kupwa alasiri, na tofauti ni kama mita moja tu. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ameshamaliza kazi. Tarehe 1 hadi 3 na 14 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu ni bamvua. 7 hadi 10 na 21 hadi 24 ni maji mafu.

Sasa chukua familia yenye bibi na mtoto wa miaka mitatu. Ukienda Mbudya asubuhi ya bamvua, boti haifiki mchangani. Inasimama mbali, mnashuka majini na kutembea juu ya mwani na mawe yanayoteleza. Mtoto anabebwa, bibi je? Siku ya maji mafu, saa nne hiyo hiyo, boti inasogea hadi karibu na mchanga na mawimbi ni madogo. Kisiwa kile kile, boti ile ile.

Coco nako ni hivyo hivyo. Bamvua likijaa, mchanga unabaki ukanda mwembamba na mawimbi yanapiga kwenye miamba. Hapo mtoto haingizwi. Muda mzuri kwa wadogo ni maji yakiwa yanajaa na yamefika nusu, kwa sababu mkondo unasukuma kuelekea nchi kavu. Yanapotoka, hasa bamvua, yanavuta kwenda nje na mtoto aliyesimama kiunoni hapati pa kujishika.

MamaTatu

Asante sana, hili la mwezi sikuwahi kulifikiria. Nimeangalia kalenda: Jumamosi hiyo itakuwa mwezi 16. Kwa hiyo ni bamvua?

Mkaa Feri

Ndiyo, bamvua lenyewe. Kwa tarehe 16 tegemea maji kupwa kwenye saa tano asubuhi na kujaa kwenye saa kumi na moja jioni. Kisiwani msiende Jumamosi hiyo na bibi. Subirini inayofuata, mtakuta maji yamejaa katikati ya asubuhi.

Pweza wa Mchana

Mkaa Feri, kuhusu boti nakubali kabisa, ila bamvua la asubuhi usilitupe. Kwa mtoto wa miaka 11 na wa 7, saa tano maji yakiwa yamekwenda mbali pale Coco ndiyo darasa lenyewe. Miamba inabaki na vidimbwi, na ndani yake kuna kaa wadogo, viti vya pwani (wale viumbe wenye umbo la nyota), konokono, samaki wa urefu wa kidole waliosahauliwa na maji. Chuchumaa kwenye kidimbwi kimoja dakika tano bila kutia mkono. Mwanzoni unaona mawe tu, halafu jiwe moja linatembea, kumbe ni kaa aliyevaa gamba la konokono.

Masharti ni haya. Kila mtu avae viatu vinavyoshika kisigino, yeboyebo zenye mkanda zinafaa, malapa hapana. Kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu kwenye mianya. Mwiba ukikatikia mguuni siku imekwisha. Pili, geukeni kurudi maji yanapoanza kugeuka, kwa mwezi 16 ni hapo kwenye saa tano na nusu. Yanarudi kimya kimya kupitia mifereji iliyo nyuma yenu kabla hamjayaona mbele. Tatu, vilivyo hai viachwe pale pale.

Bibi na mdogo wabaki juu kwenye kivuli na mihogo ya kukaanga na madafu. Na iwe Jumamosi. Jumapili jioni Coco hujaa watu hadi mtoto akipotea hatua kumi humwoni.

Dada wa Kijitonyama

Mnakisahau Kijiji cha Makumbusho, na kwa familia hii naona kinaishinda ile ya Posta. Kipo Barabara ya Bagamoyo, hatua chache kutoka stendi ya daladala ya Makumbusho. Ni nyumba za asili za makabila, za ukubwa wake halisi, zimetawanyika chini ya miti. Mtoto wa miaka mitatu haambiwi "usiguse" kila dakika, anakimbia.

Ili isiwe matembezi ya kupita tu, chagueni nyumba mbili mzilinganishe vizuri. Tembe ya Wagogo ina paa bapa la udongo lililolala juu ya miti, kwa sababu Dodoma mvua ni chache. Msonge wa Wahaya ni nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, kwa sababu Kagera mvua ni nyingi na maji lazima yateremke upesi. Waulize watoto paa la tembe lingefanyaje Bukoba. Ingieni ndani, macho yazoee giza, muone mahali pa moto na pa kulala. Beba tochi, na mruhusu bibi azungumze. Mara nyingi anajua kazi ya kila chombo kuliko maelezo yaliyobandikwa.

Mapungufu yapo. Ngoma huchezwa alasiri, si kila saa, kwa hiyo uliza getini kabla ya kulipa. Njia ni za mchanga na udongo, mvua ikinyesha ni tope, na mbu wapo vichakani jioni. Masika, Machi hadi Mei, nendeni ya Posta yenye paa.

Kondakta Mstaafu

Niingie kwenye usafiri na hela, kwa sababu hapo ndipo bajeti inavuja.

SGR kwanza. Nauli zilizopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, safari zilipoanza Juni 2024 ni 13,000 kwa mtu mzima Dar hadi Morogoro kwa treni ya kawaida, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, chini ya hapo bure. Hesabu yenu: watu wazima watatu 39,000, watoto wawili 13,000, jumla 52,000. Kwenda na kurudi ni 104,000. Inabaki 46,000 ya chakula cha watu sita na bajaji, maana stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje ya mji. Haitoshi. Lakini kama watoto wanachotaka ni kupanda treni tu, kateni tiketi ya Pugu: 1,000 mtu mzima, 500 mtoto. Mnakwenda na treni ya kawaida, si ya haraka, kisha mnarudi kwa daladala za Gongo la Mboto. Hakikisheni ratiba ya siku hiyo na mfike stesheni mapema. Kuna ukaguzi wa mizigo kama uwanja wa ndege, na kitambulisho ni lazima.

Kigamboni: kivuko chenyewe ni burudani kwa mtoto wa miaka 7, na nauli ni ndogo mno. Kuvuka ni dakika chache, kusubiri ndiko kunakochosha. Tatizo ni kushuka: watu husukumana kwenye mlango wa chuma ulioloa, ukiwa na mteremko. Mwenye magoti mabovu na mwenye mtoto mdogo wabaki wa mwisho kabisa. Ng'ambo, bajaji hadi fukwe za Mjimwema mpatane bei kabla ya kupanda, na mseme ni ya watu wangapi. Fukwe nyingi kule hutoza kiingilio. Uliza kama kinakatwa kwenye chakula. Na uliza kuhusu muziki, kwa sababu wikendi spika hufunguliwa mchana na mdogo hatalala.

MamaTatu

Basi kisiwa tunakihamishia Jumamosi ya pili yake. Tukienda maji mafu, nizingatie nini kwenye boti? Huyo wa miaka mitatu ndiye ananitia hofu.

Mkaa Feri

Jaketi okozi la mtoto, na si la mtu mzima lililokazwa kamba. La mtu mzima mtoto huchomoka chini yake akiingia majini, jaketi linaelea peke yake. La mtoto lina mkanda unaopita katikati ya miguu. Lipime mkiwa bado nchi kavu: mvalishe, funga vyote, kisha mnyanyue kidogo kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, halimfai, omba dogo zaidi. Kama hakuna dogo, msipande boti hiyo. Hesabu pia vichwa na majaketi kabla ya kuondoka; chombo cha abiria kinatakiwa kuwa na la kila mmoja.

Bongoyo boti hutokea Slipway, Msasani, na ni mwendo wa kama nusu saa. Mbudya hutokea upande wa Kunduchi na ni karibu zaidi, kwa hiyo kwa mdogo na bibi chagueni Mbudya ingawa kutoka Tabata barabara ni ndefu. Ada ya hifadhi ni mbali na nauli ya boti, visiwa hivyo ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Uliza bei zote mbili kwa pamoja.

Kisiwani hakuna maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Bebeni lita moja na nusu kwa kila mtu, lita tisa jumla. Mkifika tu, kabla ya kuogelea, chukueni banda la makuti na muagize samaki, kwa sababu kuchoma huchukua saa nzima au zaidi na watu wakishajaa mtakula saa tisa. Kama ni msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo huongezeka baada ya mchana, basi rudini na boti ya saa saba au saa nane. Boti ya mwisho waachieni vijana.

Dada wa Kijitonyama

Niongeze kuhusu jua. Mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba jua la saa sita mchana linapita utosini kabisa hapa Dar, kivuli cha mwavuli kinakuwa duara dogo miguuni. Miezi hiyo, kuanzia saa tano hadi saa tisa watoto wawe chini ya banda au mti, wakivaa fulana hata majini.

Kondakta Mstaafu

Kwa Jumamosi hii ya mwezi 16, MamaTatu, fanya hivi: Posta saa tatu na nusu, bustanini saa tano, chakula mlichobeba kiliwe hapo hapo, maana Jumamosi mchana Posta mama ntilie wengi wameshafunga. Saa saba daladala ya kwenda Makumbusho, Kijijini hadi saa kumi. Nauli ya siku nzima tenga elfu kumi na tano, na elfu kumi nyingine ya bajaji ya kumrudisha bibi kama magoti yatakataa. Tokeni Makumbusho saa kumi kamili. Ikifika saa kumi na moja, daladala za kurudi zinajaa zikiwa bado stendi na mtasimama na mtoto aliyelala begani.