Tupeane uzoefu: Akina mama watumishi kutoka jamii za wafugaji na jamii ndogo, ni siku gani watu wako walikukubali?

Mchungaji wa Nyikani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mchungaji wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), Mmaasai, mzaliwa wa Longido. Tukikutana wachungaji wanawake huwa tunasimuliana siku ya kubarikiwa kuwa wachungaji: kanzu mpya, askofu, picha, ng'ombe aliyechinjwa. Ilikuwa siku nzuri, siikatai. Ila siku ile kanisa ndilo lililonikubali. Nyumbani bomani, kwa ukoo wangu, bado nilikuwa binti wa fulani aliyesoma sana. Naomba humu tusimulie ile siku nyingine, isiyokuwa na kadi ya mwaliko. Naanza mimi.

Wasiotoka kwetu wajue kwanza kwamba Umaasaini salamu iko kichwani. Mdogo anainama, mkubwa anamgusa utosini. Nimeinamia wazee tangu nilipojua kusimama. Sasa mwaka 2013 nikawa chini ya mgunga, nabatiza watu kumi na wanne, na mmoja wao ni mzee wa rika la Seuri, rika la wazee wetu. Kumbatiza maana yake yeye ainame, mimi nimwekee mkono kichwani. Zamu yake ilipofika alisimama wima, akasema kwa Kimaa, bila hasira yoyote, kwamba hawezi kumwinamia mtoto ambaye yeye mwenyewe amemgusa kichwa tangu mdogo. Atasubiri mchungaji mwanaume.

Wazee wa kanisa wakaangalia chini. Mwinjilisti wangu akaninong'oneza tuahirishe, mkuu wa jimbo atapita mwezi ujao. Maji yalikuwa kwenye bakuli mkononi mwangu, yameletwa na punda kutoka mbali, nami natetemeka mpaka yanamwagika.

Ndipo koko (bibi) mmoja akanyanyuka kule walikokaa akina mama. Alitembea polepole mpaka mbele ya yule mzee, akamuuliza: "Asubuhi ukiamka, nani anachukua maziwa ya kwanza na kuyarusha juu akimwomba Enkai, Mungu, akulinde wewe na ng'ombe wako?" Mzee akajibu, "Mke wangu." Koko akasema, "Na hujawahi kumwambia asubiri mwanaume." Akarudi kukaa.

Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akavuta kigoda chake, akakaa. Hakuinama! Alikaa tu, na kichwa chake kikawa chini ya mkono wangu. Nikambatiza ameketi. Mpaka leo katika mtaa ule, yaani kanisa dogo lililo chini ya usharika, wazee hubatizwa wakiwa wameketi, na wachungaji wageni hushangaa utaratibu huo umetoka wapi.

Tangu hapo haniwekei tena mkono kichwani, ananishika mkono kama mzee mwenzake. Ni heshima kubwa, lakini kuna siku naukumbuka ule mguso wake mpaka naumia.

KKKT iliamua mwaka 1990 kwamba mwanamke anaweza kubarikiwa uchungaji, ingawa dayosisi zote hazikuanza kwa pamoja. Mwaka uliofuata Biblia nzima ikatoka kwa Kimaa. Mimi ni mtoto wa miaka hiyo miwili. Lakini aliyenifungulia mlango ni koko asiyejua kusoma, na alitumia maziwa, hakutumia katiba ya kanisa. Karibuni.

Binti Kiteto

Mchungaji, umenikumbusha mama. Mimi si mtumishi, ni mtoto wa mtumishi. Mama alikuwa mwinjilisti wa mtaa miaka kumi na tisa, na malipo yake mara nyingi yalikuwa mahindi.

Aliingia kanisani kwa sababu ya orpeko. Wamaasai wenzangu mnaijua: mwanamke anatetemeka, anaanguka, anakimbilia porini, hapiki, hakami. Miaka ile ilizagaa sana kwa akina mama, na bomani ilienea habari kwamba dawa yake ni ubatizo tu. Baba hakutaka kulisikia kanisa, lakini alimruhusu mama kama mtu anavyomruhusu mgonjwa kwenda zahanati. Watu wa nje wakisikia hubishana, wengine wanasema pepo, wengine wanasema ni mzigo wa maisha ya mwanamke uliomwelemea. Kwetu watoto habari kubwa ni kwamba alirudi mzima.

Na alirudi na kitu kingine. Kabla ya kubatizwa lazima upite mafundisho, miezi mingi, chini ya mti. Wale akina mama wote wenye orpeko wakajikuta wanakutana kila wiki mahali ambapo hakuna mume anayewauliza mnaongea nini. Wakaimba, wakafundishwa a-e-i-o-u. Mama akasoma. Mwinjilisti alipohamishwa, aliyebaki na uwezo wa kufungua Biblia mbele ya watu alikuwa yeye peke yake, basi akashika kazi.

Siku ya kukubaliwa ilikuja usiku. Laigwanani wetu, kiongozi wa kimila, alifika na barua ameificha ndani ya rubega. Ilitoka wilayani, na hakutaka kumpa karani wa kijiji aisome kwa sababu hakumwamini. Mama akamsomea kwenye mwanga wa moto. Ilikuwa habari ya eneo la malisho kupimwa. Alimsomea mara tatu, neno kwa neno, bila kuongeza lake. Kwenye mkutano wa kijiji, karani alipoanza kueleza barua inasema nini, laigwanani akanyoosha fimbo: "Asome mama wa kanisa."

Baadaye akachaguliwa kwenye baraza la ardhi la kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Nimeona vijiji vingi ambako viti hivyo vitatu vina majina tu, wenyewe hawaitwi hata kikaoni. Mama alikuwa anafika kabla ya mwenyekiti.

Alifariki miaka michache iliyopita. Vijana waliobeba jeneza walikuwa wa rika la Korianga, na si mmoja wao aliyekuwa muumini.

Kasisi wa Baragoi

Hamjambo nyote. Niko Kenya, Msamburu, kasisi wa Anglikana. Mwaka 2021 Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu wa Butere, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Anglikana nchini kwetu, nililia mbele ya simu. Wapresbiteri walikuwa wametutangulia kitambo, Nyambura Njoroge alipata daraja la uchungaji kwao 1982. Nilidhani habari ya Butere itafika Baragoi na kunirahisishia kazi. Wapi! Huku mtu anakupima kwa maji na mifugo.

Baragoi tunaishi Wasamburu na Waturkana, na mnajua historia yetu ya kuibiana mifugo na kuzikana. Kwenye ukame wa 2022 kisima kilichobaki na maji kilikuwa karibu na kanisa. Foleni ya mitungi ilianza usiku wa manane. Asubuhi moja vijana wawili wakashikana, mmoja wa kila upande, na nikaona wenzao wanaanza kurudi nyumbani mbio. Aliyezaliwa huku anajua wanafuata nini.

Kengele yetu ni rimu ya lori, imening'inizwa kwenye mti. Nikaigonga kwa nguvu zangu zote, wakati si wa ibada. Watu wakasimama kushangaa. Nikaenda kukaa chini, mchangani, katikati ya mitungi, na joho langu. Nikasema mwenye mtoto mgongoni anachota kwanza, awe wa kwetu au wa kwao, kisha wazee, kisha vijana, na hakuna anayechota kabla ya kengele. Sikuwa na mamlaka yoyote juu ya kile kisima. Siku ya pili wakaja wakasubiri kengele. Tukaenda hivyo wiki nyingi.

Walionikubali kwanza hawakuwa watu wangu. Mbuzi walipoibwa, mzee wa Kiturkana alikuja moja kwa moja mpaka mlangoni kwangu akaketi, akasema amekuja kwa "mama wa kengele" tuzungumze kabla vijana hawajasikia. Wajomba zangu wakampita pale ameketi. Jioni nao wakaja, wakaketi palepale. Miaka saba nilikuwa nimewahubiria, na hawakuwahi kuniuliza shauri hata moja.

Mama Kivu

Jambo bandugu. Mimi ni Mutwa, wa kabila ya Batwa, watu wa pori, Kongo, Kivu ya Kusini, upande wa Kalehe. Wazazi wangu walizaliwa ndani ya pori lenye leo linaitwa Parki ya Kahuzi-Biega. Parki ilianzishwa 1970, wakafukuzwa, hawakupewa shamba. Mimi nilizaliwa kando ya shamba la watu.

Hadisi yangu haina kengele. Ni ya sinia.

Kwetu majirani hawakunywi kikombe kimoja na Mutwa. Tangu zamani iko vile, hata kwenye pombe ya ndizi unapewa kibuyu chako peke. Kanisa letu liliponifanya mama shemasi, niliombewa mbele ya watu, wakapiga makofi. Juma ya Meza ya Bwana nikapewa sinia ya vikombe vidogo nipitishe. Nikapita safu ya kwanza. Watu wakafunga mikono. Safu ya pili, hivyohivyo. Sinia ikarudi imejaa mbele ya pasta, naye akaendelea na wimbo.

Nilipita hivyo mara tatu, miezi mitatu. Bwana wangu aliniambia acha, utakufa na haya. Nikamwambia ile damu si yangu ya kuficha.

Mara ya nne kulikuwa mjane mmoja, Muhavu, wa kabila ya majirani, mzee sana. Mjukuu wake aliwahi kuugua nami nikamtafutia majani ya porini, maana dawa hizo wazazi walituachia, ndiyo urithi ule parki haikuweza kuchukua. Akakamata kikombe, akakunywa yote. Hakukirudisha kwenye sinia. Alikiweka mkononi mwangu, akafunga vidole vyangu juu yake kwa mikono yake miwili, watu wote wanaona.

Leo wanaokunywa kwangu ni kama nusu. Nusu ingine inangojea mama mwingine apite. Mwaka 2022 Kongo ilipata sheria ya kulinda Bambuti na Batwa. Tuliimba siku ile, na tunaishika, inasaidia kwa mambo ya shule na kitambulisho. Lakini mimi kila mwezi nahesabu vikombe vilivyobaki.

Mchungaji wa Nyikani

Mama Kivu, nimesoma mara mbili, nikatoka nje nikatembea kidogo. Nakushika mkono kutoka huku.

Mzee wa Mtaa

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Naomba na mwanaume aseme. Niko Simanjiro. Alipoletwa mchungaji mwanamke kwenye usharika wetu, mimi ni mmoja wa waliohama. Karibu miaka miwili nilikwenda kusali mtaa wa jirani, kwa miguu, na nilikuwa na aya ya Timotheo, ile ya mwanamke asifundishe, nimeikariri kwa ajili ya kila atakayeniuliza.

Mke wangu akaugua. Mchungaji yule akaja, bila kuitwa, jua linazama. Akaomba. Alipomaliza akaona mbuzi hawajakamuliwa, mabinti wako shule ya bweni. Akachukua kibuyu akaenda. Nikamwambia mchungaji hakamui mbuzi za watu. Akaniuliza wadogo watakula nini. Basi. Aya niliyokuwa nimeikariri ilinikauka mdomoni. Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la mbele. Hakuniambia neno, alinipa tu kitabu cha nyimbo.

Sijamaliza kuelewa maandiko yote juu ya jambo hili. Lakini kuhama nimeacha.

Mwanafunzi wa Hanang

Nawasalimu. Mimi ni Mbarabaig, wa wafugaji wa huku Hanang, nasoma theolojia chuo cha KKKT cha Makumira, nabakiza mwaka. Ndugu wa baba wanasema nikirudi na kola ya uchungaji nitakuwa nimeutukana ukoo. Wakati kwetu akina mama wana baraza lao, girgwageda gademga, na mwanaume akimkosea mwanamke vibaya linamhukumu na kumtoza faini ya ng'ombe, naye analipa! Mbona hapo hawasemi tumeutukana ukoo? Naogopa kurudi. Nianzie wapi?

Mchungaji wa Nyikani

Mwanangu, swali lako umelijibu mwenyewe ila hujasikia. Usianzie kwa ndugu wa baba. Anzia kwa lile baraza. Siku ya kwanza acha kola kwenye begi, kaa na akina mama, waulize wanahukumu vipi, kwa maneno gani, nani anaanza kusema. Usiwafundishe kitu mwezi mzima.

Na jambo moja nakuomba ulishike kwa nguvu. Ukimaliza chuo watakupangia idara ya wanawake na watoto, kwa mapenzi mema kabisa. Ifanye vizuri, lakini omba na mtaa, hata wa mbali, hata usiofika gari. Dawati halina maziko, halina ugomvi wa kisima, halina barua ya usiku. Mimi nilikaa ofisini miaka miwili, na watu wa nyumbani walikuwa wananiita karani.

Una koko aliye hai?

Mwanafunzi wa Hanang

Ninaye, mama wa baba. Yumo kwenye baraza hilo, nadhani ndiye mkubwa wao sasa. Hana simu, ila jirani anayo. Jumamosi nitampigia.