Mahakama ya Juu Marekani: "wananchi waamue kwanza" inawahusu wapinzani tu?

Wakuu, hili jambo limenikaa kooni muda mrefu, leo acha nilitapike.

Februari 2016 Jaji Antonin Scalia anafariki. Obama bado ana karibu mwaka mzima Ikulu, na Machi 16 anamteua Merrick Garland. Mitch McConnell, kiongozi wa Republican waliokuwa wengi Seneti, anagoma: mwaka wa uchaguzi huu, wananchi waamue kwanza. Garland hakushindwa kwa kura. Hakuitwa hata kuhojiwa! Jina lake lilipigwa danadana siku 293 mpaka likafa lenyewe, kiti akaja kukikalia Neil Gorsuch wa Trump.

Haya, tuseme ndiyo kanuni. Septemba 18, 2020 anafariki Jaji mwingine wa mahakama hiyo, Ruth Bader Ginsburg, uchaguzi Novemba 3. McConnell yule yule, usiku ule ule, anatangaza mteule wa Trump atapigiwa kura. Sasa wale wananchi wa kuamua kwanza walihamia wapi? Tena kura za mapema zilikuwa zimeshaanza! Oktoba 26 mteule huyo, Amy Coney Barrett, akapita Seneti, 52 kwa 48. Eti safari hii rais na Seneti ni chama kimoja. Katiba haina kipengele hicho popote. Inasema rais anateua, Seneti inashauri na kuridhia. Basi.

Aliyenimaliza kabisa ni Lindsey Graham, seneta wa Republican. 2016 alijiapiza mwenyewe kwamba rais wa Republican akikutwa na hali hiyo hiyo, maneno yake yatumike kumsuta. 2020 nani mwenyekiti wa Kamati ya Sheria ya Seneti, kakaa mbele anaongoza kumhoji Barrett? Graham! Macho makavu.

Na Democrats, chama cha Obama, wasijifanye malaika. 2013 wao ndio walioanza kufuta sharti la kura 60 za kufunga mjadala Seneti kwa majaji wa mahakama za chini. Republican 2017 wakamalizia kwa Mahakama ya Juu. Scalia huyo huyo alipita 98 kwa 0 mwaka 1986, siku hizi hesabu inafuata chama tu.

Kinachouma zaidi, ujaji ule ni wa maisha na nafasi zinategemea nani kafa lini. Carter miaka minne hakuteua hata mmoja. Trump miaka minne ya kwanza, watatu! Wekeni muhula wa miaka 18, kila rais apate wawili kwa muhula wake. Anayepinga hilo aje hapa atuambie anaogopa nini.